Chuma cha Upare wa Kaskazini: mchanga mweusi uligeukaje kuwa jembe, na tutajuaje pa kuyeyushia na pa kufulia?

kindoroko aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa chuma cha zamani cha Upare watusaidie.

Tunaandaa chumba kidogo cha kumbukumbu za kijiji, upande wa Ugweno. Kuna sehemu tatu zinazobishaniwa. Ya kwanza iko kwenye mteremko juu ya kijito: mavi ya chuma kwa mabonge makubwa, mengine yana mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda, pamoja na vipande vya mabomba ya udongo ambavyo ncha zake zimegeuka kioo cheusi. Ya pili iko kwenye kiwanja cha makazi ya zamani: mabonge madogo ya upana wa kiganja, juu bapa, chini mviringo kama bakuli. Ya tatu ni mchanga mweusi mzito tu kando ya kijito, hakuna bonge wala bomba.

Maswali yangu: ipi ilikuwa ya kuyeyushia na ipi ya kufulia? Kazi yenyewe ilianzaje huku, maana wazee wanasema ukoo wa Washana ndio wenye chuma, na vitabu vya shule vinasema chuma cha Afrika Mashariki kina karibu miaka elfu mbili? Na kwa nini kuyeyusha kulikufa ilhali kufua kupo mpaka leo?

La mwisho ni la vitendo. Vijana wa karakana walijaribu kuyeyusha ule mchanga mara mbili. Walitumia pipa lililokandikwa udongo, upana wa ndani sm 30, kutoka bomba la upepo hadi mdomoni sm 35. Mchanga kilo 10, umeoshwa mara moja, ukamwagwa mkavu. Mkaa ulitoka kwenye gunia moja kwa moja bila kuchekechwa. Feni ya umeme, saa mbili. Wakapata bonge jeusi zito, linapasuka kwa nyundo kama chupa. Wamekosea wapi?

fuawe alijibu:

Mkuu kindoroko, umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu la swali la kwanza limo ndani ya maelezo yako. Ya kwanza ni mahali pa tanuri. Ya pili ni kiwanda cha mfua chuma, yaani anayepasha chuma kilichokwisha kupatikana na kukipiga nyundo. Ya tatu usiihesabu bado.

Tuanze na neno, kwa sababu linapoteza wengi. Tunasema "kuyeyusha chuma", lakini kwenye tanuri la Upare chuma chenyewe hakikuyeyuka. Chuma safi kinahitaji nyuzi 1,538 za selisiasi, na tanuri la udongo linalopulizwa kwa viriba vya ngozi hufika 1,200 hadi 1,300 hivi. Kinachoyeyuka ni uchafu: silika (madini ya mchanga mweupe), udongo wa ukuta, na sehemu ya chuma iliyoungana na silika hiyo. Huo uchafu ukiganda ndio mavi ya chuma. Chuma kinabaki kigumu, chembe kwa chembe zinashikana mpaka linatokea bonge lenye matundu kama sifongo. Kwa hiyo ile mikunjo ya uji uliomwagika ndiyo alama ya tanuri, na wingi wake unasema vilevile, kwa sababu kupata kilo chache za chuma kunaacha mavi mengi kuliko chuma chenyewe.

Mabonge ya umbo la bakuli yanazaliwa kwenye moto wa kufulia. Mfuaji anapopasha chuma, ngozi yake ya nje inaungua na kudondoka. Ile ngozi, mchanga anaounyunyizia ili chuma kisiungue zaidi, na majivu, vinakusanyika kwenye shimo la moto chini ya bomba na kuchukua umbo la shimo. Mengi huwa na upana wa sm 8 hadi 15. Ukilipasua, kwa kawaida utaona tabaka, maana liliongezeka kidogo kidogo kila chuma kilipopashwa.

Angalia pia mabomba. Ncha iliyogeuka kioo ndiyo iliyoingia motoni. Pima kipenyo cha tundu na urefu wa sehemu ya kioo, andika. Kama kioo kimepanda upande mmoja tu wa bomba, basi lilikaa kwa mshazari, na upande wenye kioo kingi ndio uliotazama moto mkali.

Ombi moja kubwa: msichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo, na hata bila sheria, bonge lililoondolewa mahali pake bila kuandikwa limepoteza zaidi ya nusu ya habari yake. Choreni ramani, pigeni picha zenye rula, na mwasiliane na idara ya mambo ya kale.

kindoroko:

Asante sana mkuu. Tumejaribu kutafuta eneo la kufulia kwa sumaku kama tulivyosikia, lakini huku sumaku inavuta kila mahali, hata njiani. Tufanyeje?

fuawe:

Hapo ndipo Upare panapotofautiana na kwingine. Sumaku inatafuta magamba ya nyundo, yaani vile vibapa vyembamba vinavyoruka chuma chekundu kikigongwa. Sehemu nyingi duniani ukiona udongo unavuta sumaku karibu na jiwe la kufulia, umemaliza kazi. Lakini vijito vya Upare vina mchanga wa asili wa magnetaiti, yaani madini meusi ya chuma, nao unavutwa vivyo hivyo. Mvua inausambaza mpaka barabarani.

Gawanyeni kiwanja kwa kamba kuwa miraba ya mita 1. Chukueni gramu 200 za udongo wa juu kila mraba, mkaushe kabisa, kisha mpitishe sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mkigeuza mfuko, chembe zinadondoka zenyewe bila kung'ang'ania sumaku. Zipimeni uzito, halafu, na hili ndilo muhimu kwenu, zitazameni kwa lenzi ya mara 10. Mchanga wa asili ni punje: nene, zenye pembe au zilizosuguliwa, zinang'aa. Gamba la nyundo ni bapa, milimita 1 hadi 3, jembamba chini ya nusu milimita, la rangi ya kijivu iliyofifia, na likibanwa na ukucha linavunjika. Mkikuta pia vijitufe vidogo vyeusi, vingine vitupu ndani, hivyo hurushwa mfuaji anapounganisha vipande viwili kwa moto, au anapobana bonge jipya.

Hesabuni magamba katika kila chembe 100, msitegemee uzito. Mraba wenye magamba mengi ndipo fuawe, yaani jiwe la kufulia, lilipokaa, na kwa kawaida hupungua haraka mkitoka hapo mita mbili au tatu. Sehemu ya tatu, kando ya kijito, ikitoa punje tupu bila gamba hata moja wala makaa, basi ni mchanga wa mto tu. Huenda watu waliuchota hapo, lakini mchanga wenyewe hauwezi kuthibitisha hilo.

ngulu_pass alijibu:

Niingie kwenye swali la asili. Kindoroko, wazee wako na vitabu vya shule hawapingani, wanazungumzia mambo mawili tofauti: chuma kuwapo Afrika Mashariki, na chuma kuwa kazi na biashara ya Ugweno.

La kwanza ni la zamani sana. Upande wa Buhaya, Kagera, kuna mabaki ya matanuri ya karne za kwanza baada ya Kristo, na huko Upare Kusini, pale Bombo Kaburi, vyungu vya aina ambayo wataalamu huiita Kwale vimepimwa na kuangukia karne ya 3. Wakulima wa namna hiyo ya vyungu ndio wanaohusishwa na kuenea kwa chuma pwani na milima iliyo nyuma yake. Hakuna anayeweza kuunganisha watu wale moja kwa moja na ukoo wowote wa leo, na msiandike hivyo kwenye lebo.

La pili ndilo la Washana. Simulizi za Ugweno zinawataja kama wafua chuma waliokuwa pia watawala, mpaka ukoo wa Wasuya, wakiongozwa na Angovi, walipowapindua. Mwanawe Mranga ndiye anayetajwa kupanga upya utawala wa Ugweno. Kwa hesabu ya vizazi tukio hilo huwekwa karibu na karne ya 16. Washana walipoteza kiti lakini hawakupoteza nyundo. Waliendelea kufua, na heshima pamoja na hofu ya laana ya mfua chuma vikabaki. Jina la Mshana mpaka leo linabeba kumbukumbu hiyo.

Kwa nini Ugweno? Mimi naona ni ukaribu wa mambo matatu. Mtapo, yaani mchanga au jiwe lenye chuma, haukuhitaji kuchimbwa: mvua inamomonyoa mwamba, kijito kinachambua, magnetaiti kwa uzito wake inatulia kwenye vikorongo na nyuma ya mawe, na mtu anaikusanya kwa kibuyu. Msitu wa kutolea mkaa ulikuwa juu kidogo tu. Na wateja walikuwapo pande zote. Wachagga wa Kilimanjaro walitegemea chuma cha Ugweno, wakalipa kwa mifugo, na wafuaji wa huko, hasa wa Mamba, wakajenga jina kwa mikuki. Tambarare kulikuwa na wafugaji waliohitaji mikuki hiyo hiyo. Mlima wenye mtapo mzuri lakini usio na mnunuzi wa siku moja au mbili kwa miguu usingefika mbali.

Msichanganye tanuri lenu na picha za Ufipa zinazozunguka mitandaoni. Yale malungu, yaani matanuri ya Ufipa, ni marefu, mita 3 na zaidi, na yanavuta hewa yenyewe kupitia mabomba mengi chini, bila kuvukuta. Zao lake lilirudiwa kwenye tanuri dogo la kusafishia, kintengwe, lenye mivukuto. Upare ni viriba vya ngozi tangu mwanzo: viwili, kimoja kinavuta hewa huku kingine kinasukuma, ili moto usipumue.

Na kama mtapata fedha za kupima umri wa mkaa, jueni mapema kwamba mkaa wa kati ya takriban mwaka 1650 na 1950 hutoa majibu mapana sana kwa njia ya kaboni. Mnaweza kulipa na kuambiwa "kati ya 1660 na 1950". Chagueni mkaa wa kijiti chembamba ulionaswa ndani ya bonge, kamwe si wa gogo, kwa sababu kiini cha mti mkubwa kinaweza kuwa na umri wa miaka mia zaidi ya siku ulipochomwa.

mkaa_mgumu alijibu:

Sasa tuje kwa vijana wa karakana. Bonge zito jeusi linalopasuka kama chupa maana yake mchanga wenu uliyeyuka kabla haujageuka. Chuma kimo ndani, lakini bado kimeshikana na oksijeni na silika. Lingekuwa jepesi na la kijani kibichi ningesema mmeyeyusha ukuta. Mkitaka uhakika, lipimeni likiwa kavu, kisha likining'inia ndani ya maji. Gawanyeni uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo viwili. Mavi ya chuma yenye chuma kingi hutoa 3.5 hadi 4. Chuma chenyewe ni 7.8.

Kosa la kwanza na kubwa ni kimo. Sm 35 juu ya bomba haitoshi. Mchanga unageuka chuma wakati unashuka ndani ya moshi wa kaboni monoksidi, kabla ya kufika kwenye joto kali. Ukiupa safari fupi, unafika chini bado ni mtapo. Ongezeni ukuta mpaka mpate sm 60 juu ya bomba, na chini ya bomba muache sm 15 hadi 20 za nafasi ya mavi.

La pili, mchanga mkavu na mkaa mkubwa. Mkaa wa gunia una mabonge ya ngumi na vumbi. Mchanga ulipenya katikati ya mabonge kama maji kwenye kokoto, ukafika chini kwa sekunde. Pasueni mkaa, mchekeche, mchukue wa sm 1 hadi 4. Vumbi mtoe kwanza, kwa sababu linaziba hewa, lakini msilitupe: changanyeni sehemu yake na mchanga, mnyunyizie maji ya udongo mwembamba mpaka mchanganyiko ushikane mkiufinya mkononi na usidondoshe maji. Ukishuka hivyo unashikamana na mkaa na kusafiri nao.

La tatu, kuosha mara moja. Punje nyeupe zilizobaki ni silika, na kila gramu ya silika inakula chuma karibu mara mbili ya uzito wake ili kuyeyuka. Osheni mpaka kwenye kiganja msione nyeupe zaidi ya punje chache. Sumaku inasaidia, ila mchanga wa Upare una titani ndani yake, nayo sumaku haiwezi kuiondoa yote. Titani inafanya mavi yawe mazito, yasitiririke vizuri. Dawa ni joto la kutosha mfululizo na kutotoboa tanuri mapema. Mkitoa mavi yote mwanzoni, bonge linabaki uchi mbele ya upepo na kuungua.

La nne, kilo 10 ni kidogo. Kilo 5 hadi 8 za mwanzo zinaliwa kutengeneza dimbwi la mavi ambalo bonge litakulia ndani yake. Panga kilo 25 za mchanga na mkaa uzito huo huo kwa kulisha, pamoja na mwingine kilo 15 hivi wa kupasha tanuri kwanza.

Upepo: hesabu ni lita 1.2 hadi 1.5 kwa dakika kwa kila sentimita ya mraba ya tumbo la tanuri. Lenu la sm 30 lina takriban sm za mraba 707, kwa hiyo lita 850 hadi 1,060 kwa dakika. Bila kipimo, tumieni mkaa: kilo 2.5 zishuke kwa dakika 8 hadi 10. Zikikawia dakika 15, tanuri limepoa au bomba limeziba. Zikishuka kwa dakika 5, mnaunguza chuma chenu. Bomba liingie ndani ya ukuta sm 5 na liinamie chini nyuzi 20 hivi, msilipulize sambamba, la sivyo ukuta wa mbele utayeyuka.

Mpango wa siku: kausheni tanuri kwa moto wa kuni saa kadhaa, mpaka ukuta wa nje ukauke mkiushika. Ukuta mbichi unapasuka. Jazeni mkaa, washeni upepo, subirini saa moja mpaka mwali wa mdomoni uwe mkali. Anzeni na nusu kilo ya mchanga kwa kilo 2.5 za mkaa, pandisheni taratibu mpaka uzito ulingane. Mkimaliza, choma mkaa ushuke mpaka usawa wa bomba ndipo mfungue.

Bonge likitoka likiwa jeupe kwa moto, lipigeni kwa gogo kwanza, polepole, pande zote. Chuma cha nyundo kikilipiga mapema linasambaratika. Likishuka kwenye rangi ya chungwa, acheni, rudisheni motoni. Kukiwa na bahati njema kilo 25 zitawapa kilo 4 hadi 6 ghafi, na karibu nusu itapotea mkilibana mpaka liwe mche, yaani kipande kigumu cha kufulia. Hapo ndipo mtaelewa bei ya jembe la zamani.

Usalama si wa kupuuzia. Kazi hii ni ya nje kabisa, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu. Mwali wa mdomoni uwe umewaka wakati wote. Mavi ya moto yasimwagwe kwenye saruji, inalipuka. Mwageni kwenye mchanga mkavu. Na pipa likiwa limepakwa zinki, tafuteni lingine.

ngulu_pass:

Nimalizie la kufa kwa kuyeyusha. Haikuanza na viwanda vya Ulaya kufika mlimani. Ilianza na waya. Misafara ya karne ya 19 iliyopita bonde la Pangani ilibeba waya mnene wa chuma, na mfuaji aliyekata vipande, akavikunja pamoja na kuviunganisha kwa moto alipata mkuki bila mchanga, bila tanuri, bila kilo 40 za mkaa. Mfuaji aliendelea kupata kazi. Aliyepoteza ni mwenye tanuri. Baadaye reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, majembe ya Ulaya yakashuka bei, na vyuma chakavu vikawa vingi.

fuawe:

Nakubaliana, na niongeze kwamba kufua kulibaki kwa kubadili mazoea. Chuma cha tanuri ni laini, unaweza kukitia maji kikiwa chekundu na kisipasuke. Spring ya gari ni chuma chenye kaboni nyingi zaidi, na mwenye mazoea ya zamani akiitia maji inapasuka kwa mlio wa "tik" mkononi mwake. Ndiyo sababu panga nyingi za spring hupata ufa wa nywele kwenye makali. Ipashwe mpaka sumaku isiishike, izamishwe kwenye oili ya vuguvugu, kisha ipashwe tena taratibu mpaka uso uliosuguliwa uwe rangi ya majani makavu ikielekea kahawia. Kwa chumba chenu, wekeni jembe la zamani na panga la spring pamoja, na mseme wazi kwamba ni vyuma viwili tofauti.

Kuhusu mabonge mliyokwisha kuyaokota: msiyaoshe kwa maji, yabrashini makavu. Yakiwa na kutu inayovimba, kuna chuma ndani. Hayo yakae kwenye chombo kinachofunga, pamoja na vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Lebo iandikwe kwa penseli, iwekwe ndani na nje ya mfuko, na itaje shamba, mraba na tarehe. Wino unafifia.